Pombe Tamu ya Klotilda

Perpetua alipika pombe ya mtama iliyosifiwa Nandom nzima. Wanywaji walisema ukimeza moja tu, magoti yanajua. Na mumewe Bayor, fundi wa kuta za udongo, mwanamume wa mabega mapana, alikuwa fahari yake. "Mume wangu hanywi maji ya watoto," alizoea kuwaambia wateja. Bayor alikunja uso, akameza.

Siku moja ya soko, Eulalia, dada yake Bayor, akaja na maneno. "Wifi, wewe unachochea kuni tu. Kaka yuko kwa Klotilda. Kila soko, benchi lile lile."

Klotilda! Mpika pombe mwenzake, mjane yule wa sauti ya taratibu! Perpetua akambeba mwanawe mgongoni, akaacha chungu motoni, akaenda.

Aliwaona kabla hawajamwona. Klotilda alichota kata ya pombe, akaonja kwanza, kisha akampa Bayor. Kumwonjea mteja ni desturi ya kila mpika pombe. Perpetua mwenyewe huwaonjea wanaume hata hamsini kwa siku. Lakini huyu alivyoonja! Polepole, kama aliyepewa siri. Na Bayor akaweka mdomo palepale, akafumba macho. Kwa Perpetua hajawahi kufumba macho.

"Mmeamua midomo yenu ihamie nyumba moja?" Perpetua akafoka.

Benchi zima likageuka. "Dada, kaa kwanza," mnywaji mmoja akasema.

"Mimi si dada yako!"

Akaipora kata, akaimaliza yote, ajue mwenzake anatia nini. Akabaki ameduwaa. Ilikuwa tamu, haijaguswa na chachu, laini kama togwa ya kumbembelezea mtoto.

"Ni hii?"

"Ni hiyo," Bayor akasema, akitazama miguu yake. "Ile kali yako inanichoma tumbo tangu harusi yetu. Ningesemaje, na wewe unanitangaza?"

Wanaume wakaangua kicheko. "Bayor! Tukuletee na nguo ya kubebea mtoto?"

"Mwacheni jamani," Klotilda akasema kwa upole. "Anapenda iliyopoa, iliyochujwa mara mbili."

Upole ule ulimchoma Perpetua kuliko kicheko chote. Angewakuta wameshikana mikono, angejua pa kuanzia. Sasa aanzie wapi? Miaka sita amelala na mwanamume huyu, amejifungua watoto wake wawili, halafu mjane wa benchini ndiye anayejua ulimi wake unataka nini. Tena mara mbili!

Akawageukia waliocheka. "Mume wangu atakunywa anachopenda. Anayecheka, kwangu asikanyage."

Wakainamia vyombo vyao; hakuna aliyetaka kuikosa ile kali yake.

"Unachujia nini?" akamuuliza Klotilda bila kumtazama.

"Kitambaa cha pamba, mara mbili."

"Nitakitafuta. Wewe tafuta mwingine wa kumwonjea."

Bayor akainuka. Perpetua akamtanguliza mbele, akamfuata nyuma kisigino kwa kisigino, asije akageuka kuaga.