Uso Ndani ya Bampa

Kazi ya mwenzetu mmoja katika gereji yetu ya Nakuru ilikuwa kung'arisha magari mapya kabla meneja wetu Mzungu hajawafunulia wateja. Alipumulia bampa, hah, akasugua, akainama kujitazama meno, akasugua tena. Vidole vyake vilinuka nta hata akila ugali. Jioni, hotelini kwa Truphosa kule Bondeni, sisi wapenda magari tulimzonga mpaka atoe picha ya gari lililokuwa bado chini ya turubai, aliyoipiga kwa siri alipolifunua kuling'arisha, kwa kamera ya kisanduku. "Shika pembeni," alisema kila mara. "Usiguse gari."

Picha moja haikumrudia. Miaka ile ya Hali ya Hatari watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Asubuhi meneja aliingia na askari wawili, ameishika. "Nani napiga hii?" Meneja akaweka kidole kwenye bampa ndani ya picha. Pale, mdogo kama punje ya mtama lakini safi kabisa, ulikuwa uso wa mwenzetu umeinamia kamera. Hakukana. Alitoa kitambaa chake, akaipumulia ile picha, hah, akaanza kusugua.