Machicha Yangu Niliyaita Posho Yake

Mwenye kosa ni mimi. Naanza hapo kabisa, mtu asije akanihurumia kabla hajajua nilichofanya. Ndiyo, nimesalitiwa, tena vibaya, lakini mlango niliufungua mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nafanya kazi za ndani huku Dubai. Nilikuwa kwenye villa moja Mirdif, mimi na Nakato, Mganda. Mimi nilikuwa wa jikoni, yeye wa usafi na watoto. Tulilala chumba kimoja, tukiombana mafuta ya nywele na kuchekana lafudhi.

Chini ya sinki la madam kuna mashine ya kusaga mabaki ya chakula. Nakato aliizoea katika nyumba aliyotoka, akanifundisha: fungua maji baridi kwanza ndipo uiwashe, na ukiizima uyaache yakimbie kidogo. Mafuta usimwage humo. Chochote chenye nyuzinyuzi kitupe pipani. Mara kwa mara aliisagisha barafu na maganda ya ndimu isinuke.

Nikasikia, nikaitikia, nikapuuza.

Siku hiyo madam alikuwa na wageni wa futari, akataka wali wangu wa nazi. Nikakamua nazi nyingi. Kwetu machicha, yale makapi ya nazi, hutupiwa kuku, lakini Mirdif kuku ni wa friji! Pipa limejaa, mimi na haraka zangu, nikayasukuma machicha yote kwenye sinki, nikamalizia na mafuta niliyokaangia sambusa.

Mashine ikavuma bila kuzunguka, kisha ikanyamaza. Maji machafu yakarudi juu, yakamwagika mpaka kwenye kabati.

Wa kumwambia nilikuwa naye mmoja tu, Zuhura. Zuhura ni wa mtaani kwetu, tumesoma madrasa pamoja, na alikuwa akifanya kazi villa ya jirani. Nilimkuta nje kwenye mapipa ya taka, nikamweleza yote huku nalia.

"We nawe! Machozi ya nini?" akasema. "Sema ni yule Mganda. Madam anajua machicha ni nini? Mwambie ni posho."

"Lakini Nakato hajafanya kitu."

"Basi funga virago wewe. Mimi nakwambia kama dada yako. Na hili halitoki kinywani mwangu, wallahi."

Posho ndio ugali kwa Waganda, na Nakato alipenda kujipikia. Fundi alipokuja alichomoa umeme, akaingiza spana kwenye tundu la chini ya mashine akajaribu kuizungusha kwa mkono. Hakufua dafu. Akafungua bomba, likatoka donge jeupe lililoganda mafuta. Madam akalitazama kwa kinyaa, akauliza ni nini.

"Posho, madam," nikasema. "Ya Nakato."

Nakato alishtuka. "Madam, si mimi! Mimi situpi chakula humo, kweli kabisa."

Hapo ndipo alipoumia. Madam wangu kosa husamehe, lakini uongo hapana, na kadiri Nakato alivyokana ndivyo hasira zilivyompanda. "Khalas! Unanidanganya machoni pangu?" Akamrudisha kwa wakala aliyemleta, na wakala akamrudisha kwao Uganda. Nilimwona akiburuta begi lake kwenda kwenye gari, nami nikajifanya naosha sufuria.

Zuhura akaniambia, "Si nilikwambia?" Na mimi nikamshukuru! Nikampikia hadi biriani! Yarabi, akili zangu zilikuwa wapi?

Baadaye waajiri wa Zuhura wakaamua kuhama nchi, ikabidi atafute nyumba nyingine. Nikamwombea kazi kwa madam, nikamsifu weee, nikasema ni dada yangu. Madam akajibu kwamba wa watoto ameshapata, na jikoni nipo mimi. Nikampelekea Zuhura majibu hayo kama yalivyo. Sikujua kwamba nilikuwa namwonyesha kuwa nafasi iliyobaki ya kunyang'anya ni yangu.

Asubuhi moja nilitoka kuanika nguo, narudi jikoni namkuta Zuhura amesimama na madam. Mbele yao kuna bakuli. Alikuwa amekamua nazi palepale, jikoni kwangu, na machicha yamejaa humo.

"Madam, yaliyoziba mashine ndiyo haya," alikuwa akisema. "Posho haina nyuzi. Alinieleza mwenyewe." Wala hakuona haya.

Madam akanigeukia, akaniuliza polepole, "Kwa hiyo yule msichana alisema kweli?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Nimemfukuza mtu mkweli kwa ajili yako. Yalla, kusanya vitu vyako."

Zuhura akanifuata mpaka chumbani. "Usinichukie, dada. Na mimi nina watoto." Watoto! Nakato naye alikuwa na wake kule Uganda aliowalisha kwa kazi ile, au wao si watoto? Nilitaka kumrarua. Lakini tusi lililonijia mdomoni ni lile ambalo Nakato ndiye aliyestahili kunitukana mimi, nikalimeza.

Sasa nimo Al Baraha, mtaa mwingine wa huku Dubai, chumba cha watu wengi, nangoja nyumba nyingine. Zuhura anapika jikoni kwangu.

Juzi nilijikaza nikampigia Nakato nikaungama kila kitu.

"Dada," akasema, "mimi siku ile nilikuona ukiyasukuma yale machicha sinkini. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilingoja useme mwenyewe, kwa sababu ulikuwa rafiki yangu."

Akakata simu. Nimelia mpaka kichwa kinaniuma.

Ninyi mlio kwenye majikoni ya watu, ukiharibu kitu sema palepale, hata kama unatetemeka. Na anayekufundisha kumsingizia mwenzako, mkimbie, maana siku akibanwa yeye atakutafuta wewe. Madam angenikaripia mchana mmoja tu, yakaisha.