Shamba Nililoliandika Kuwa Tupu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ni ile niliyoaibishwa kwa upole na mkulima wa korosho, njia ya kwenda Kilambo.

Nilikuwa nimetoka chuo karibuni, nimetumwa kukagua eneo ambapo kingechimbwa kifusi cha kujengea barabara. Kazi ilikuwa kutafuta dalili za watu wa kale, hasa vigae vya vyungu. Mimi na mwenzangu Aneti, binti wa mwalimu kutoka Bukoba, tulibishana tangu asubuhi. Yeye alitaka tuanze kwa kuwauliza wenye mashamba. Mimi nilishikilia tutembee kwa mistari iliyonyooka, hatua ishirini kati ya mtu na mtu, kama tulivyofundishwa. Nilimwambia kuuliza watu si sayansi. Kwa kuwa kiongozi nilikuwa mimi, tukatembea mistari.

Siku mbili hatukuokota chochote. Chini ya mikorosho majani makavu yalikuwa yameifunika ardhi yote. Nikaandika kwenye fomu: hakuna kitu.

Bi Somoe, mwenye shamba, alikuwa akichimba muhogo. Alituita tunywe maji, akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

"Mwanangu," akasema, "hakuna kitu, au hujaona kitu?"

Akatupeleka kwenye matuta yake. Kila lilipopita jembe palikuwa na vigae, vingine vimechorwa mistari midogo shingoni. Aneti alipiga magoti akavifuta udongo. Nikayakata yale maneno kwenye fomu, nikaandika upya, na machimbo yakahamishiwa kwingine.

Ila usidhani mistari haina maana. Juma lililofuata tuliirudia, safari hii tukifagia majani, tukakuta vigae vingine mwisho wa shamba, mahali ambapo hata Bi Somoe hakuwa anapajua. Alicheka sana, akasema naye amejifunza.

Sasa unakwenda Mnazi Bay na vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na nasikia wewe na mwenzako mmeshaanza kubishana. Bishaneni. Lakini wasalimie wenye mashamba kabla hujafungua mkoba, tembea mistari yako mpaka mwisho, na usipoona, andika hujaona. Neno lako moja linaweza kufuta kijiji kizima cha watu wasioweza tena kujitetea. Na mwenzako akiwa sahihi, mwambie siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa, nikamwambia Aneti siku niliyokwenda kumposa.

Mungu akutangulie, akukinge na jua na nyoka wa kwenye majani, akurudishe kwetu na afya yako.