Mchezo Usifungwe

Mimi na Kiingereza hatujawahi kupatana. Shuleni kiliniletea fimbo tu, na nilipofungua kibanda changu cha cherehani hapa Mukuyuni niliapa sitakitafuta tena; kama kinanihitaji, kije na kitambaa. Mwaka huu nimekibembeleza mpaka nimejionea aibu.

Mdogo wangu wa kike alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Wenye nyumba walimchukulia simu siku aliyofika. Tukakaa muda mrefu bila habari, mama akaanza kuacha chakula nusu sahani. Halafu mchana mmoja mdogo wangu akanipigia kwa simu ya Mkenya mwenzake aliyekutana naye dukani. Alizungumza mbiombio.

"Nimekutumia ile game yetu ya maneno. Niko kwa tablet ya mtoto wao. Mahali pa kuandikiana wamefunga, kwa hivyo we cheza tu. Usiache ifungwe. Nikicheza, ujue niko."

Simu ikakatika.

Mchezo huo tuliuzoea kabla hajaondoka, naye alikuwa akinishinda kila mara. Unapewa herufi saba, unatunga neno la Kiingereza, unaliweka ubaoni, mwenzako anajibu kwa lake. Siku tatu zikipita mwenye zamu hajacheza, mchezo unajifunga. Basi uhai wa mdogo wangu ukawa unapimwa kwa herufi saba, na kichwa cha kuzitungia neno ni hiki changu.

Yeye aliweka maneno ya nyumbani kwetu: "goat", "bean", "rain". Kila neno lilipoingia, mama aliacha kupeta ndengu zake akaniuliza limesema nini.

"Limesema mbuzi."

"Basi wanampa nyama," mama akasema, akarudi kwenye ungo.

Nilipomwambia mvua, alitazama mbingu yetu iliyokauka akauliza kama huko kunanyesha. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba ni herufi tu.

Taabu ilikuwa zamu yangu. Kuna siku nilikodolea macho J, O, R, D, A, N na T mpaka nikashona mkono wa shati nje ndani. Jumapili nikamfuata pasta wetu baada ya ibada, nikamwonyesha. Uso ukamng'aa.

"Si hii ni Jordan! Weka."

"Inakataa majina, pasta."

"Hata ya mto wa Biblia?"

"Hata huo."

"Sasa hii game ni ya watu gani?"

Aliiwekea simu mkono akaiombea hata hivyo. Nikiwa njiani kurudi, nikikanyaga vumbi na kuilaani shule yote niliyosoma, ndipo nililiona neno: "road". Nililiweka palepale nimesimama. Jioni mdogo wangu akajibu, nami nikalia kwa furaha kama mjinga.

Halafu likaja "quaver".

Nililipeleka kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaniambia ni sauti kutetemeka. Nilimshukuru, nikarudi kibandani. Mdogo wangu halijui neno hilo. Nilirudia darasa akanikuta, tukakaa dawati moja, tukasomea kitabu kimoja. Kiingereza chake nakijua mwisho wake ulipo. Nikajidanganya kwamba huenda amejifunza huko. Kesho yake likaja "zephyr", na majibu yakawa yanaingia saa zake za kazi, kabla sijamaliza kutia uzi kwenye sindano.

Aliyekuwa akicheza si yeye. Nadhani ni yule mtoto mwenye tablet. Tangu lini, sijui, na kutojua huko ndiko kunakoniua.

Sikuacha. Nyumba anayokaa huyo mtoto ndiyo nyumba ya mdogo wangu, na sina mlango mwingine wa kubisha. Mama nilimwambia neno ni upepo. Akauliza, "Unamsumbua kifua?" Nikasema hapana.

Kuanzia hapo sikutafuta pointi tena. Nilitaka kuuliza, lakini mchezo haukuachii kusema unachotaka, unasema ulichopewa. Kila zamu nilirudisha herufi zisizonifaa nikaomba nyingine, nikishindwa vibaya, mpaka siku moja nikawa nazo zote mkononi. Nikaweka "sister". Nilijiambia mtoto anayejua "zephyr" hawezi kukosa kuelewa hilo. Atamwita. Atampa tablet hata kwa dakika moja.

Aliyekuwa akijibu upesi vile amenyamaza. Juzi kimya, jana kimya. Leo jioni siku tatu zinatimia, na cherehani sijaigusa tangu asubuhi.

Mama amekuja kibandani, kitu asichokifanya, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Amecheza?"

"Bado, mwaitu."

"Basi cheza wewe. Usimngoje."

"Haiwezekani. Si zamu yangu."

Ameitazama simu iliyo juu ya meza, kati ya mkasi na vipande vya kitambaa.

"Ulimwambia nini mara ya mwisho?"

"Nilimwambia dada."

"Labda ulimpa neno gumu," akasema. "Ungempa mbuzi."