Picha Yangu Kwa Mnada wa Mavuno

Mimi napaka picha ambazo hazina kitu ndani. Hakuna mlima, hakuna twiga, hakuna mama amebeba kuni. Ni rangi tu. Shule niliachia Form Two, kwa hivyo hata kuzieleza siwezi, na hiyo imeniepushia aibu nyingi.

Kazi nafanyia kwa banda la ndama la kaka yangu mkubwa, hapa Kibugu. Natandika kitambaa cha amerikani chini, namwaga rangi zile zinabaki nikiandika mabango ya buchari na kinyozi. Nyeusi kwanza, halafu nyekundu, halafu chochote kiko kwa mkebe. Ikishika kidogo nakwaruza na panga ya kukatia ng'ombe nyasi, mpaka ile nyeusi ianze kuchungulia. Nikiona nimeharibu, naigeuzia ukuta. Nikirudi baada ya wiki, mara nyingi bado nimeharibu. Lakini mara moja moja naigeuza na moyo unaruka, kama mtu amenibishia mlango. Hapo ndio najua imeisha. Kaka yangu anajua ni wazimu.

Juzi ng'ombe yake ikazaa. Akaja akasimama kwa mlango, mikono nyuma kama chifu.

"Msanii, ndama anataka nyumba yake."

"Nipe muda, nataka kuonyesha watu hizi kazi mpya."

"Watu gani?" Akacheka mpaka akakohoa. "Sikiza. Mtu mmoja mwenye akili timamu akilipia hii takataka, banda ni lako, sitaongea tena. Asipopatikana, Jumatatu ndama anaingia."

Hakuna mahali pengine ningeenda. Kwa nyumba yangu hata kitanda kinaingia kwa kuomba ruhusa.

Nikaomba pasta ukumbi wa kanisa. Akasema kwaya ina mazoezi, lakini fensi iko. Basi Jumapili asubuhi, watu wakiwa ndani wanaimba, nikapanga picha zangu saba kwa fensi, nikavaa koti, nikasimama kando nikijaribu kuonekana mtu mwenye mawazo.

Watu wakatoka. Mama mmoja wa kwaya akainama, akanusa.

"Ni nini ilimwagika hapa?"

Mwalimu mmoja mstaafu akamsukuma pole pole. Huyo alisoma mpaka akamaliza, na kila siku tunalipia hiyo makosa. "Hii, mama, inaonyesha umoja wa taifa," akasema. Ilikuwa inaonyesha vile rangi nyekundu ilikuwa imeniishia. Nikatingisha kichwa kama mtu ameeleweka.

Sasa, mtu wa kwenda kanisa angejua kitu mimi sikujua: hiyo ilikuwa Jumapili ya mavuno, na chochote kimeegemea hiyo fensi ni sadaka. Ndizi, kuku, magunia ya viazi, vyote vinapigwa mnada hapo hapo nje, pesa ni ya kanisa. Mzee wa mnada akamaliza kuuza jogoo, akashika picha yangu kubwa, akainua juu.

"Hii nayo! Ni ya nani hii baraka?"

Nikafungua mdomo. Pasta akanitazama na tabasamu kubwa sana. Nikafunga.

Halafu jirani yetu, yule shamba lake la chai limepakana na la kaka yangu, akainua mkono. "Hiyo ni yangu. Nitafunika kuni."

Hao wawili wamegombania ua wa mpaka tangu baba afe. Hata kwa jogoo walikuwa wamepandishiana bei mpaka jogoo mwenyewe akaogopa. Kaka yangu akaona mkono wa jirani, na wake ukaruka juu.

"Naongeza!"

"Mimi pia!"

"Naongeza tena! Huyo hawezi!"

Nilimuangalia akitokwa na jasho juu ya kitu ambacho alikuwa ameita takataka. Alipoipata, watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, na yeye akainua picha juu kama ameleta nyara kutoka vitani. Zingine sita zikaenda na viazi. Mimi nilirudi nyumbani na koti tu.

Jumatatu nikangoja ndama. Akaja kaka peke yake, picha kwa kwapa, uso umefungwa.

"Kwa hivyo mtu mwenye akili timamu alipatikana?" nikamuuliza. "Ama niseme hakupatikana?"

Ungeona hesabu ikipita kwa macho yake, na kila upande inakataa. Akisema ndama aingie, amejiita mwendawazimu mbele yangu. Akatema mate kando.

"Ndama nimejengea jikoni," akasema. Halafu akageuza picha, akageuza tena. "Wageni wanaisifu. Juu ni wapi?"

Nikaangalia. Haki, hata mimi sikuwa na uhakika. Nikamuonyesha upande mmoja, na yeye akaenda akiibeba hivyo hivyo, pole pole, asiipindue.