Vua Viatu, Ushike Maiki

Pasta bado alikuwa anaomba nilipochomoa plagi ya amplifaya ukutani. Binti yangu Wanjiku, mwenye miaka sita, alikuwa mikononi mwa nyanya yake akilia, na kilio hicho ndicho kilichonipa nguvu ya kusimama, kwa sababu kabla yake alikuwa amenyamaza kabisa. Alikuwa ameitwa mbele asome mstari wa watoto. Akashika maiki kwa mkono mmoja, mwingine akauegemeza kwa ukuta wa mabati, na stima ikamtupa chini.

"Mama Wanjiku, tafadhali, ngoja ibada iishe," Pasta akaniambia.

"Imeisha, Pasta. Hakuna mtu atagusa hii kitu tena."

Bisibisi haikosi kwa mkoba wangu. Nikafungua kifuniko pale pale, waumini wote wa kanisa letu la Gitothua wakiniangalia. Mahali pa fyuzi, kile kiwaya chembamba ndani ya kioo ambacho kazi yake ni kukatika ili vingine vipone, palikuwa na kipande cha waya mnene. Waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano unaopeleka stima iliyopotea mchangani badala ya kwa mwili wa mtu, ulikuwa umekatwa na ncha yake kufungwa na seloteipu. Nyuma kulikuwa na stika ya karakana iliyoitengeneza. Niliijua hiyo stika. Ni ya karakana ya Ruiru ambako mimi mwenyewe nilikuwa nimeajiriwa.

Uvumilivu wangu uliishia hapo. Lakini nyinyi mafundi mnaoanza kazi hii hamwezi kuelewa hasira yangu kama hamjui nilifunzwa na nani.

Nilianza Thika, kwa karakana ndogo yenye mlango wa bluu, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto mgongoni. Mwenye karakana tulimwita Madam. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Siku ya kwanza mteja alileta amplifaya, Madam akanisukumia.

"Iko na nini?"

"Imekufa," nikasema.

"Haiya! Umehudhuria mazishi? Sema haiwaki. Kufa ni mambo mengine."

Alinifunza kwamba kitu kisichowaka kinafuatwa vile mtu hufuata paipu ya maji shambani, kuanzia kwa tangi. Soketi ina stima? Kamba ni nzima? Fyuzi je? Swichi? Ndipo ufike kwa transfoma, kile chuma kizito kinachopunguza nguvu za stima kabla haijaingia kwa sehemu laini. Unafuata na mita, kile kifaa cha kupimia stima: ikilia, njia iko, ikinyamaza, njia imekatika. Siku hiyo shida ilikuwa kamba tu, ilikuwa imekatikia ndani ya mpira pale watu hupenda kukunjia. Mteja alikuwa ameshaanza kutafuta ingine ya kununua. Madam alimrudishia yake na kumgombeza kwa kukunja kamba vibaya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilipata fyuzi imekatika, nikaweka mpya, nikanyoosha mkono kuwasha. Madam akaushika hewani.

"Ile ya kwanza ilikatika kwa nini?"

"Sijui, Madam."

"Basi bado hujaanza."

Alikuwa na balbu ya zamani, ile ya kutoa joto, aliyoiunga kati ya soketi na meza ya kazi. Hakuna kilichowashwa kwake bila kupitia hiyo balbu. Ikiwaka kidogo halafu ififie, endelea. Iking'aa kama ya sebuleni, kuna mahali stima imepata njia ya mkato; zima, tafuta. Balbu hizo zilipoanza kupotea madukani, alikuwa akiomba za watu wanaohama nyumba, anazificha ndani ya soksi. Ungeweza kumwomba Madam ruhusa, chai, hata ushauri juu ya bwana. Soksi zake hukugusa.

Na kulikuwa na sharti la mwisho, ambalo sijaliona kwa karakana ingine yoyote. Ukimaliza kutengeneza, unapima kwa mita kama mwili wa chuma una stima. Ukiwa hauna, unavua viatu ili soli isikukinge, unasimama kwa simiti, unashika maiki na kusalimia mteja ukitumia jina lako. "Mita kwanza, ngozi baadaye," alikuwa akisema. "Kama unaogopa kuishika, unampatia mwenzako aishike kwa nini?" Nilimwona akivua viatu mwenyewe, magoti yakimuuma, ili ashike redio ya mzee wa kuuza miwa. Sijaheshimu mtu kwa kazi kama nilivyomheshimu huyo mama.

Baadaye alinituma Juja, kwa kibanda chake karibu na vyumba vya wanafunzi. Msimamizi wa huko alikuwa mpole, na kazi ilikuwa wufa tu, zile spika kubwa za muziki. Zilikuja za kila aina, zilizomwagiwa chai, zilizoliwa na panya, zilizochomekwa pamoja na koili ya kupikia hadi plagi ikayeyuka. "Siz, ilizima tu yenyewe," wanafunzi walisema, sufuria ikinuka kwa mkoba. Tulicheka, lakini viatu tulivua.

Halafu macho ya Madam yakaanza kufifia, akastaafu, na kazi yote ikahamia Ruiru chini ya mpwa wake, ambaye tulitakiwa kumwita Meneja. Bango lilibaki na jina la Madam. Balbu ilitolewa wiki hiyo hiyo. Kuvua viatu nako kukapigwa marufuku, eti kunachelewesha wateja na miguu inanuka. Nililalamika, akaniambia nina kelele kuliko spika. Nikanyamaza, kwa sababu Wanjiku alikuwa anaingia shule na hakuna mtu mwingine wa kumlisha.

Jumatatu baada ya ile ibada niliingia na amplifaya ya kanisa mikononi, nikaiweka kwa kaunta.

"Nani aliitengeneza?"

"Mimi," Meneja akasema. "Ilikuwa inakata fyuzi kila saa. Nikaweka waya, ikaanza kuangusha swichi kuu ya kanisa. Nikatoa huo waya wa ardhi. Si inawaka sasa?"

Nikamwonyesha shida yenyewe: waya wa stima uliobanwa na kifuniko, ngozi yake imechubuka, shaba inagusa mwili wa chuma. Fyuzi ilikuwa inakatika kusema hapo, hapo, angalia hapo. Yeye akaiziba mdomo.

"Vua viatu," nikamwambia. "Ichomeke, ushike maiki."

Wateja wawili kwenye kaunta wakageuka. Meneja akaangalia viatu vyake, kisha maiki.

"Wewe ni wazimu."

"Mtoto wangu aliishika."

"Ukienda kushtaki, usirudi hapa. Na ni biashara ya aunty, ukumbuke."

Hilo la Madam ndilo lilinizuia mlangoni, si mshahara. Nikampigia Madam. Nilimweleza yote.

"Mtoto anakula?"

"Anakula, Madam. Mkono umeungua."

"Andika malalamiko. Na jina langu uliandike, liko kwa bango. Usinifiche."

Niliandika, na kwa hivyo nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini, bila keki na bila hotuba. Ningependa kuwaambia nina majuto, lakini sina. Kazi hii ni nzuri. Kitu kilichonyamaza kikisema "testing" mkononi mwako, moyo unaruka kila mara kama siku ya kwanza. Balbu moja ya Madam ninayo nyumbani, imo ndani ya soksi. Alinipa mwenyewe.

Na haya ndiyo niliyopeleka kwa ofisi ya leseni za biashara, kwa mkono wangu, yakapigwa muhuri:

"Mimi ni fundi na ni mama wa mtoto aliyepigwa na stima kanisani. Nalalamikia karakana iliyotengeneza amplifaya hiyo, ambako nilikuwa nikifanya kazi. Waliondoa fyuzi na waya wa ardhi ili iwake. Mwenye jina kwenye bango, ambalo nimeliandika hapo juu, anajua nimeandika, na amekubali. Vifaa vingine vilivyopita hapo viko makanisani na manyumbani, na watu wanavishika leo. Naomba virudishwe vyote vipimwe. Naomba pia mkaguzi wenu, kabla hajaamini neno lolote la meneja, amwombe avue viatu."