Mtumbwi wa Pedeli

Tangu mamba amtafune mkono wa kulia, mzee mmoja mvuvi, jirani wa Jumwa, aliuficha ndani ya shuka, hata akila, hata akisalimiana na watu. Nyavu alizishona kwa meno na mkono wa kushoto, lakini kafi hakuligusa tena. Maji ya mafuriko ya Elnino yalipopungua mtoni, fundi baiskeli wa Garsen akamfungia kwenye mtumbwi wake pedeli za kuzungusha pangaboi la kuusukuma majini. Asubuhi ya kwanza alizipapasa kwa nyayo, taratibu, kisha akakanyaga. Mtumbwi ukaondoka.

“Vipi, mzee?” Jumwa alimwita kutoka ukingoni.

“Miguu yatosha, mama!”

Akampungia kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa juu ya goti, wazi, unaota jua. Alikuwa amesahau kuuficha.